Mapato Yaliyofungwa: Mhadhara juu ya Dhamana na Daraja za Hatifungani za Mapato



Nawashukuru walioandaa baraza hili kwa kunipa nafasi ya kusema hapa Tanga, mbele ya hadhara ya watu wanaojua hesabu na wanaojua pia dhiki ya maji, maana mambo hayo mawili ndiyo yatakayokutana katika maneno yangu ya jioni ya leo.

Kusudi langu ni kueleza, kadiri nitakavyojaaliwa, namna hatifungani za mapato zinavyowekewa dhamana, na namna wale walioikopesha mamlaka ya umma kwa njia hiyo wanavyopangwa daraja kwa daraja inapofika siku ya kulipwa. Nimeichagua habari hii kwa sababu mji huu umeingia ndani yake kabla ya miji mingine ya Afrika ya Mashariki. Mnamo Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira, ambayo sote twaiita Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani ya mapato, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa muda wa miaka 10 na kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi wakajitokeza kwa zaidi ya kiasi kilichoombwa, na baadaye hati hizo zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Riba peke yake, kwa kiasi hicho cha bilioni 53.12, hufika takriban shilingi bilioni 7.17 kwa mwaka. Chimbuko la fedha hiyo ni ankara tunazopelekewa majumbani kila mwezi. Na kwa hiyo kila mwenye dira ya maji ukutani pake ana haki ya kujua ni nini kilichoahidiwa, kimeahidiwa nani, na katika ahadi hiyo yeye mwenyewe amewekwa wapi.

Nitapanga maneno yangu katika hoja tano, na mtaniwia radhi nikikaa zaidi katika ile ya pili na ile ya tano, kwani huko ndiko kwenye kiini cha jambo.

Hoja ya kwanza: Dhamana ni mapato yenyewe

Serikali, au mji, au mamlaka yoyote ya umma, inapotaka kukopa kwa kuuza hatifungani, ina njia mbili kubwa za kumtuliza moyo mkopeshaji. Njia ya kwanza ni kumwahidi kwa uwezo wake wote, pamoja na uwezo wa kutoza kodi, kwamba atalipwa kutoka popote patakapopatikana fedha. Na hivyo ndivyo zilivyo hatifungani za Hazina ambazo Benki Kuu yetu huziuza kwa mnada. Njia ya pili ni kumtengea chemchemi moja tu ya mapato, iwe ni ada ya maji, au ushuru wa daraja, au malipo ya umeme, au kodi ya bandari, na kumwambia waziwazi kwamba hicho ndicho chake, na kwamba kikikauka hana ruhusa ya kugonga mlango mwingine. Hii ya pili ndiyo hatifungani ya mapato.

Asili yake katika sheria za Marekani, ambako aina hii ya mkopo imekua kuliko kwingineko, inaonekana vizuri katika kisa cha mji wa Spokane, katika jimbo la Washington. Katiba ya jimbo ilikuwa imeweka mpaka wa deni ambalo mji waweza kujitwika, na mji ulitaka kujenga mitambo ya maji ilhali mpaka huo ulikuwa umekwisha wadia. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya jimbo, katika shauri la Winston dhidi ya mji huo, iliamua kwamba ikiwa mjenzi atalipwa kutoka mfuko maalumu unaojazwa kwa mapato ya maji peke yake, wala hana haki ya kuugusa mfuko mwingine wowote wa mji, basi ahadi hiyo haihesabiwi kuwa deni la mji kwa maana iliyokusudiwa na katiba. Kutokana na hukumu hiyo na nyingine zilizoifuata, miji mingi ilipata njia ya kujenga bila ya kuwatwisha walipa kodi mzigo usio na mpaka. Lakini papo hapo mkopeshaji naye akaacha haki kubwa, na kwa kuwa ameiacha, akadai haki nyingine badala yake, nayo ni ya kutangulia mbele ya wengine katika ile chemchemi moja aliyopewa.

Nasi watu wa pwani tusidhani kwamba mapato kuwekwa dhamana ni jambo geni kwetu. Zama za Seyyid Said na za wanawe waliomfuata, ushuru wa forodha ya Unguja ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa miaka mingi ulikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, ambayo ilitoa kiasi maalumu kila mwaka, ikamkopesha mtawala alipohitaji, nayo ikajirudishia fedha yake kutoka ushuru uleule kabla haujamfikia mwenyewe. Na katika Dola ya Uthmaniya, mwaka 1881, baada ya dola kushindwa kuwalipa wadai wake wa Ulaya, mapato ya chumvi, tumbaku, stempu, vileo, samaki na hariri yalitolewa katika mikono ya maofisa wa Sultani na kukabidhiwa baraza la wadai wenyewe, wakawa wanayakusanya kwa makarani wao. Nataja visa hivi viwili ili ionekane tofauti iliyopo na ya leo: zamani mwia, yaani mwenye kudai, alikaa forodhani kwa mwili wake na kuchukua chake, ama mwia wa hatifungani ya leo hakai popote. Mapato hukusanywa na mamlaka ileile iliyokopa. Wala kwa kawaida hana rehani juu ya mabomba, au pampu, au ardhi, wala hawezi kuyang'oa na kuyauza, maana huduma ya umma haivunjwi vipande ili mdai apate haki yake. Alichonacho ni mkataba unaoeleza njia ambayo fedha itapita tangu inapolipwa dirishani mpaka itakapomfikia, pamoja na mdhamini, ambaye aghalabu ni benki, aliyekabidhiwa kuilinda njia hiyo kwa niaba ya wakopeshaji wote.

Hoja ya pili: Njia ya fedha, na kwa nini pampu hutangulia

Tazameni mitungi iliyopangwa ngazi kwa ngazi, maji yakimiminwa katika ule wa juu, ukijaa ndipo yafurike kwenda wa pili, na wa pili ukijaa ndipo yaende wa tatu. Ndivyo mkataba wa hatifungani ya mapato unavyoigawa fedha. Mapato yote ya huduma huingia kwanza katika mfuko mmoja wa makusanyo. Kutoka hapo, katika mikataba iliyo mingi, sehemu ya kwanza hutolewa kwa gharama za uendeshaji na matengenezo: umeme wa pampu, dawa za kusafishia maji, mishahara ya mafundi, kuziba mabomba yanayovuja. Kinachosalia huitwa mapato halisi, na hicho ndicho kilichofungwa kwa ajili ya wawia. Basi sehemu ya pili huenda katika mfuko wa kulipia deni, ikagawanywa kati ya riba inayofuata na mkopo wenyewe utakaoiva. Ya tatu hurudishia mfuko wa akiba ya deni endapo ulipungua. Ya nne huenda kwa wawia wa daraja la chini, ikiwa wapo. Ya tano huwekwa kwa ajili ya kubadili mitambo iliyochakaa, na kitakachobaki baada ya hayo yote ndicho mamlaka huweza kukitumia kwa hiari yake.

Iko pia mikataba ya namna nyingine, ambamo wawia hufungiwa mapato ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama yoyote, na mwenye kusoma kwa haraka atasema kwamba hao ndio waliojikinga zaidi. Mimi nasema hasha. Mwia aliyelipwa kabla ya fundi wa pampu amejiandikia ushindi katika karatasi, lakini pampu ikisimama hakuna maji, na pasipo maji hakuna ankara, na pasipo ankara mfuko wake utabaki mtupu pamoja na kutangulia kwake kote. Kwa hiyo kanuni ya kuitanguliza huduma, ambayo kwa mtu wa nje huonekana kama fadhila iliyofanywa kwa wananchi, kwa hakika ndiyo ngome ya mkopeshaji mwenyewe. Hapo maslahi ya anayekunywa maji na ya aliyekopesha fedha huwa kitu kimoja, na sijui mahali pengine katika mambo ya deni la umma ambapo pande hizo mbili zinakaribiana kiasi hiki.

Lakini hapa pana shida ambayo naomba muizingatie sana. Nani ataamua ni gharama ipi iliyo ya uendeshaji? Mshahara wa fundi hauna shaka. Je, gari jipya la mkurugenzi? Je, ada ya mawakili wanaoitetea mamlaka dhidi ya wawia walewale? Je, fedha inayotengwa leo kwa pampu itakayonunuliwa miaka 6 ijayo? Kila shilingi inayoingizwa katika mlango wa gharama ni shilingi iliyomtangulia mwia, na kila gharama ya kweli iliyofungiwa nje ni bomba litakaloachwa livuje. Katika kifungu hiki cha maana ya gharama, ambacho mara nyingi kimefichwa katika kurasa za mwanzo zenye tafsiri za maneno, ndimo daraja halisi la mwia linamoamuliwa, na mtu aliyeusoma mkataba wote akakiruka hicho ni kama hakuusoma.

Ule mfuko wa akiba nao unataka neno. Kazi yake ni kumlipa mwia katika mwaka mmoja mbaya, mathalan mwaka wa ukame au wa mafuriko, bila ya kuilazimisha mamlaka kuvunja ahadi yake. Huko Marekani sheria ya kodi imezoeza watu kuupima kwa kilicho kidogo kati ya vitu vitatu: asilimia 10 ya mkopo, au malipo ya mwaka ulio mzito kuliko yote, au asilimia 125 ya wastani wa malipo ya mwaka. Kwa lugha nyepesi, ni akiba ya mwaka mmoja hivi. Humpa mdeni nafasi ya kuvuta pumzi na kutengeneza mambo yake, lakini mapato yakipungua kwa miaka mingi akiba hiyo haitafaa kitu.

Hoja ya tatu: Daraja baina ya wawia wenyewe

Mamlaka inayokua haikopi mara moja tu. Baada ya bomba la kwanza watahitaji la pili, na mkopeshaji wa pili atauliza: nitasimama ubavuni mwa yule wa kwanza, au nyuma yake? Wakisimama sawasawa huitwa wenye daraja sawa, na maana yake ni kwamba fedha ikipungua hugawana kwa kadiri ya kila mmoja anavyodai, bila ya kujali nani alikopesha mapema. Akisimama nyuma, hatapata hata senti mpaka mfuko wa yule wa mbele umejaa, na kwa hatari hiyo atataka riba kubwa zaidi.

Mkopeshaji wa kwanza huogopa kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni kwamba mamlaka itaendelea kuuza hatifungani za daraja sawa mpaka fungu lake liwe jembamba. Kwa hiyo hudai kipimo. Tuchukue mfano wa kubuni, wa kufundishia tu: mamlaka inakusanya bilioni 100, inatumia 60 kuendesha huduma, na inabakiwa na mapato halisi ya bilioni 40; ikiwa deni la mwaka ni bilioni 32, basi mapato halisi ni mara 1.25 ya deni. Mkataba ukisema kwamba hatifungani mpya ya daraja sawa isitolewe ila uwiano ubaki angalau 1.25 pamoja na deni hilo jipya, hapo mlango umefungwa mpaka mapato yaongezeke kwanza. Baadhi ya mikataba huruhusu kuhesabu mapato yanayotarajiwa, kwa kauli ya mhandisi au mtaalamu, na hapo ndipo hupenya matumaini mengi yasiyo na msingi. Mimi huona salama zaidi kuhesabu yale yaliyokwisha kukusanywa.

Hoja ya nne: Ahadi ya bei, na nani mwenye kuishika

Njia ya fedha, hata ikichorwa kwa ustadi wa namna gani, haina maana ikiwa fedha yenyewe haitoshi. Ndiyo sababu mdeni huahidi pia kwamba atatoza bei itakayozaa mapato halisi ya kiasi fulani juu ya deni la kila mwaka, mara 1.2 au 1.25 au zaidi, na akipungukiwa atapandisha bei au kupunguza matumizi. Ahadi hii ina mwenzake ambaye mara nyingi husahauliwa: je, huyo anayeahidi ndiye mwenye kupanga bei? Kwetu Tanzania bei za maji huidhinishwa na EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, baada ya maombi na baada ya wananchi kusikilizwa, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa maji hayana mshindani wala mnywaji hana pa kukimbilia. Walakini ni lazima mwia aelewe kwamba ahadi ya mamlaka ya maji hapa kwetu ni ahadi ya kwenda kuomba kwa wakati na kwa hesabu zilizo sahihi, na kwamba yule anayetoa ruhusa ni mwingine. Mamlaka inayochelewa kupeleka maombi yake kwa kuogopa lawama za watu huwa imekwisha kuidhoofisha dhamana yake, hata kama haijakosa malipo yoyote.

Jirani zetu wa Kenya wamefungua mlango mwingine unaokaribiana na huu. Mwaka 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ilipandishwa huko kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta, na mwaka uliofuata shilingi 7 kati ya hizo zikafungwa ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi wa barabara waliokuwa wakidai. Hapo kilichofungwa ni tozo inayowekwa kwa amri ya serikali, ilhali mteja wa maji hulipia huduma aliyoipata. Na swali la mwia hugeuka kidogo, likawa: serikali iliyoweka tozo, je, yaweza kuiondoa kabla ya deni kwisha?

Kuhusu swali hilo ipo hukumu mashuhuri. Mwaka 1962 majimbo ya New York na New Jersey yaliwaahidi wenye hatifungani za Mamlaka ya Bandari ya New York kwamba mapato na akiba walizowekewa dhamana hazitatumika kugharimia reli za abiria ila kwa mpaka maalumu. Mwaka 1974, wakati wa dhiki ya mafuta, mabunge ya majimbo yote mawili yaliifuta ahadi hiyo, hata kwa hatifungani zilizokwisha kuuzwa, kwa nia ya kuwasaidia wasafiri. Na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba kitendo hicho kimevunja kifungu cha katiba kinacholinda mikataba. Majaji watatu waliopinga walikuwa na hoja nzito, kwamba bunge la leo lisifungwe mikono na bunge la jana katika mambo ya manufaa ya umma. Hata hivyo mimi naona walioshinda walikuwa na haki, maana serikali iliyojiwekea uhuru wa kuvunja ahadi yake ya fedha hulipia uhuru huo kwa riba kubwa katika kila mkopo unaofuata, na riba hiyo wataitoa wasafiri walewale waliokusudiwa kusaidiwa.

Hoja ya tano: Siku ya kufilisika

Mpaka hapa nimeeleza mambo yanavyokuwa wakati wa amani. Daraja la mwia hujulikana kwa yakini siku ambayo fedha haiwatoshi wote.

Huko Marekani miji na mamlaka zake hufilisika chini ya sura ya 9 ya sheria ya muflisi. Zamani palikuwa na hofu kubwa kwamba mji ukiingia mahakamani, dhamana ya mwia juu ya mapato yatakayokusanywa baada ya siku hiyo hukatika, kama inavyokatika dhamana ya aliyekopesha duka la mtu binafsi. Na kwa hiyo mwaka 1988 Bunge la nchi hiyo likatunga vifungu vya mapato maalumu, vinavyosema kwamba dhamana juu ya mapato ya huduma kama maji, umeme na ushuru wa barabara huendelea kushika hata baada ya kufilisika, ila itakuwa chini ya gharama za lazima za kuendesha huduma hiyo. Angalieni jinsi pampu ilivyotangulizwa tena, safari hii kwa sheria ya nchi.

Matokeo yake yalidhihirika Detroit. Mji huo uliingia mahakamani tarehe 18 Julai 2013 ukiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18. Wenye hatifungani zilizoahidiwa kwa uwezo wote wa mji wa kutoza kodi, ambazo kila mtu alizihesabu kuwa salama kuliko nyingine, walikubali kupokea senti 74 kwa kila dola. Wastaafu wa kawaida wa mji walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni zao na kunyimwa nyongeza za kufidia kupanda kwa maisha. Ama wenye hatifungani za maji na maji taka, waliokuwa na chemchemi moja tu, walilipwa kwa ukamilifu. Nawaomba mkae na jambo hili kidogo. Ahadi pana ya mji mzima ilishindwa na ahadi nyembamba ya ankara za maji, kwa sababu ile nyembamba ilikuwa na njia iliyochorwa, na wengine wote walikuwa wamezuiwa kuipita. Vilevile mkumbuke wale wastaafu: daraja la mmoja halipandi bila ya la mwingine kushuka, na anayefunga mapato ya mji ajue kwamba anaamua leo nani atakayelia baadaye.

Lakini asiwepo atakayetoka hapa akidhani kwamba hatifungani ya mapato haishindwi. Katika wilaya ya Jefferson, jimbo la Alabama, mtandao wa maji taka ulijengwa na kukarabatiwa kwa mikopo iliyofika dola bilioni 3 na zaidi, ndani yake pakiwa na mikataba ya riba iliyopindapinda, na viongozi kadhaa wakahukumiwa kwa rushwa. Mwaka 2010 mahakama ya jimbo ilimteua msimamizi wa kuuendesha mtandao huo kwa niaba ya wawia. Mwezi wa Novemba 2011 wilaya ikajitangaza muflisi, na mahakama ya muflisi ikamwondolea msimamizi yule uongozi wake. Kisha pakaja ugomvi juu ya lile lile nililowaambia katika hoja ya pili, yaani ni gharama ipi itangulie na ipi isitangulie. Walipomaliza mwishoni mwa mwaka 2013, wawia walikuwa wamesamehe sehemu kubwa ya deni, na wakazi wamepandishiwa bei kwa miaka mingi ijayo. Dhamana yao ilikuwa halali tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichokosekana ni mapato ya kuubeba mzigo ambao haukupaswa kuchukuliwa.

Kisa cha pili ni cha jimbo lilelile la Spokane. Shirika la umeme lililoitwa Washington Public Power Supply System lilikopa dola bilioni 2.25 kwa ajili ya mitambo miwili ya nyuklia, ya nne na ya tano, kwa kutegemea mikataba ambayo mashirika 88 ya umeme yalikubali kulipa hata kama mitambo hiyo haitatoa umeme wowote. Mitambo ikaachwa kabla ya kukamilika, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ya jimbo ikasema kwamba mashirika yale ya umma hayakuwa na mamlaka ya kisheria ya kutia sahihi mikataba ya namna hiyo. Kwa hukumu moja chemchemi ilizibwa, na hatifungani hizo hazikulipwa. Hapo njia ya fedha ilikuwa imechorwa vizuri kabisa, lakini walioahidi kuitia maji hawakuwa na idhini ya kuahidi.

Na cha tatu, kilicho karibu nasi zaidi kwa wakati, ni cha Puerto Rico. Shirika la umeme la kisiwa hicho liliingia katika taratibu za kufilisika mwezi wa Julai 2017 likiwa na hatifungani za zaidi ya dola bilioni 8, chini ya mkataba wa mwaka 1974. Mkataba ulitanguliza gharama za uendeshaji, kisha wawia. Mahakama ya kwanza, mwezi wa Machi 2023, ilisoma maneno yake ikaona kwamba dhamana ya wawia inashika fedha zilizokwisha kuingia katika mifuko fulani tu. Na mahakama ya rufaa, mwezi wa Juni 2024, ikasoma maneno yaleyale ikaona kwamba inashika mapato halisi yote. Tofauti ya tafsiri hizo mbili ni mabilioni ya dola. Kabla ya hapo, mwaka 2019, mahakama hiyohiyo ya rufaa ilikuwa imekwisha kuamua, kuhusu barabara za kisiwa, kwamba vile vifungu vya mwaka 1988 vinamruhusu mdeni kuendelea kulipa wakati shauri linaendelea, lakini havimlazimishi. Basi hata mwenye daraja la kwanza aweza kungoja miaka, dhamana yake ikiwa hai katika karatasi na mfuko wake ukiwa haupokei kitu.

Yaliyo mbele yetu

Mabibi na mabwana, hatifungani ya Tanga ina muda wa miaka 10, na kabla haujatimia, miji mingine itakuwa imekuja kuuliza namna ilivyofanywa. Mabomba yanahitajika kila mahali, na Hazina peke yake haitayamaliza. Mimi nataka njia hii ifuatwe, na nataka ifuatwe na watu walioielewa.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa waheshimiwa walio hapa. La kwanza: kila waraka wa matarajio utakaotolewa na mamlaka ya umma uambatane na muhtasari wa Kiswahili wenye kurasa chache, unaoonyesha fedha inaingia mfuko gani kwanza na upi baadaye, nini maana ya gharama za uendeshaji, na deni jipya laweza kuongezwa kwa kipimo gani, na muhtasari huo ubandikwe katika ofisi ambako watu hulipia ankara. La pili: mdhamini wa wakopeshaji atangaze kila mwaka uwiano wa mapato halisi kwa deni, kwa tarakimu, ili mnywaji wa maji na mwenye hatifungani wasome ukurasa mmoja. La tatu: mifuko yetu ya pensheni na vyama vyetu vya akiba na mikopo, ambavyo ndivyo vitakavyoombwa kununua hati hizi, viwe na mtu ndani yake aliyefundishwa kuusoma mkataba mpaka kile kifungu cha tafsiri, maana fedha wanayoikopesha ni ya walimu, wauguzi na wavuvi.

Waheshimiwa madiwani watakapoletewa pendekezo la hatifungani ya pili, na naamini litaletwa, swali la kwanza mezani liwe hili: je, hao wapya watasimama ubavuni mwa wale wa mwaka 2024, au nyuma yao, na mapato ya mwaka uliopita yanasema nini? Nimeleta nakala za ule mfano wa hesabu, ziko kwa katibu. Mwenyekiti akiniruhusu, sasa niko tayari kusikiliza maswali yenu.